Kondoo wa Keziah Odling

Lorna Odling alizaliwa katika kijiji cha Haverby, akakulia Haverby, na tangu apate akili alikuwa akisikia mzaha ule ule. Kila mwaka kwenye karamu ya mavuno, alipoingia ukumbi wa kijiji na pai yake ya tufaha, Roland Dowse alikuwa amesimama penye nyama, kisu mkononi, akipaza sauti: "Hesabuni mapaja, jamani! Odling kaingia!"

Ukumbi ulicheka. Baba yake Lorna enzi zake alicheka pia, kicheko cha mtu aliyekwamwa na mfupa. Ilisemwa kwamba zamani sana mwanamke fulani wa ukoo wa Odling aliiba kondoo wa akina Dowse. Mwanamke gani, lini, kwa nini, hakuna aliyejua wala kuuliza. Akina Dowse walikuwa na mashamba yote ya upande wa mlimani, na Roland mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa. Akina Odling walikuwa vibarua wao vizazi na vizazi. Lorna alipata riziki kwa kuzunguka nyumba kwa nyumba na mkasi wake, akiwakata nywele bibi vizee ambao magoti yao hayawafikishi mjini.

Mwaka aliotimiza miaka sitini, mzaha ulimkuta vibaya. Akaiweka pai mezani.

"Ushahidi uko wapi, Roland?"

"Ushahidi wa nini, bibie? Hata kuku wangu wanajua."

"Kuku wako wana elimu kuliko mwenyewe. Mimi nataka kuona palipoandikwa."

"Nenda ukatafute basi," Roland akasema, akikata kipande kinene. "Ukikosa, nitapiga magoti hapa hapa mbele ya watu."

Watu walicheka tena, na safari hii Lorna akacheka nao, kwa sababu alikuwa amekwisha kuamua. Angekwenda kumtoa aibu bibi yake. Angerudi na jina safi, na Roland angepiga magoti kwenye sakafu ile ya mbao iliyojaa vipande vya mkate.

Siku za Alhamisi hakuwa na wateja, kwa hiyo kila Alhamisi alipanda basi hadi mji wa Lincoln, kwenye hifadhi ya nyaraka za kale. Mwanzoni alikuwa kama kipofu sokoni. Makasisi wa zamani waliandika kama kuku aliyekanyaga wino, na nusu ya Waodling waliitwa William. Lakini Lorna alikuwa amezoea kazi ya subira. Mtu anayefumua nywele zilizofungamana za bibi wa miaka tisini hakimbizwi na mwandiko. Alianza na baba yake, akapanda kwa babu, akapanda tena, kiungo kwa kiungo. Aliwaona wakibatizwa, wakioana, wakizikwa, wote katika parokia moja, wote chini ya mnara ule ule anaouona kwenye dirisha la jiko lake.

Kisha akamfikia Keziah.

Keziah Odling alikuwa mjane. Mumewe aliangukiwa na mkokoteni wa nyasi, akaacha watoto watano. Lorna alimtafuta katika magazeti ya mwaka 1827, akiomba asimpate, akampata. Habari yenyewe ilikuwa fupi kama kidole. Keziah alikamatwa akiwa na kondoo wa Bwana Josiah Dowse, nyama ikiwa tayari chunguni. Hakukana. Siku zile mwizi wa kondoo alinyongwa, na jaji akamhukumu kunyongwa. Kabla ya hapo alimuuliza kama ana majuto yoyote.

"Ninalo moja," Keziah alijibu. "Kwamba sikumchukua mapema."

Mwandishi wa gazeti aliongeza kwamba mahakama nzima ilishtushwa na ufidhuli wa mwanamke yule.

Lorna alirudisha gazeti akatoka nje. Akaketi kwenye ngazi, baridi ikimpanda miguuni. Kumbe kweli. Kumbe wale waliocheka miaka yote walikuwa wakicheka kwa haki. Akamwazia Roland akishangilia kwa furaha, na karibu aape moyoni kwamba hatarudi tena kwenye nyaraka zile.

Lakini neno moja lilimganda kama mbigili kwenye soksi. Mapema. Mapema kuliko nini?

Alhamisi iliyofuata alirudi. Alifungua vitabu vya mazishi vya Haverby na kushuka polepole kwa ncha ya penseli. Kondoo aliibwa mwezi wa pili. Mwezi wa kwanza, wiki ya theluji, alizikwa Amos Odling, mtoto wa Keziah, mwenye umri wa miaka miwili.

Hapakuandikwa zaidi. Lorna aliisoma mistari ile hadi macho yakamwasha. Akahesabu watoto waliobaki: wanne. Akawatafuta mmoja mmoja, na wote wanne aliwakuta wamekua, wameoa na kuolewa. Mmoja wao, William kama kawaida, ndiye aliyemzaa aliyemzaa babu yake. Keziah naye hakunyongwa. Alipunguziwa adhabu, akafungwa, akatoka, akarudi Haverby hii hii kufua nguo za watu, na akazikwa kizee. Hakuhama. Kila siku ya Mungu alipita mbele ya lango la akina Dowse na kapu lake la nguo.

Jioni ile, ndani ya basi, Lorna alijikuta ananyoosha shingo kama mtu aliyevishwa mkufu.

Kaka yake Clifford alikuja kunywa chai Jumapili. Clifford alikuwa ametajirika kidogo kwa kazi ya bima, akahamia kwenye nyumba yenye nguzo mlangoni. Alitaka nasaba ya kutia kwenye fremu. Kampuni fulani ya mtandaoni ilikuwa imemhakikishia kwamba wao ni uzao wa shujaa mpanda farasi aliyetoka Normandia.

"Haya, umepata nini?" akauliza, akipaka siagi kwenye mkate. "Tuna ngao ya ukoo?"

"Tuna kondoo."

Alipomaliza kumsimulia habari ya mahakama, uso wa Clifford ulikuwa umeiva.

"Lorna, dada yangu, funika kombe mwanaharamu apite. Nani anahitaji kujua?"

"Mimi nataka kumwekea jiwe makaburini. Maneno nimekwisha kuyachagua."

Alimsomea. Clifford aliweka kisu chini. "Umeingiwa na wazimu. Miaka yote tunadhihakiwa, sasa unataka kuichonga dhihaka kwenye jiwe?"

"Si dhihaka. Bado hujasikia kuhusu—"

"Sitaki kusikia!" Akachukua koti lake akaondoka, mkate wake umeumwa mara moja tu.

Ombi la jiwe lilipelekwa kwenye baraza la kanisa. Kasisi Philippa, mwanamke mpole anayependa amani kuliko kula, aliyasoma maneno yale kwa sauti ya chini: *Keziah Odling, mama. Alichukua kondoo. Alijuta kuchelewa.*

Roland alicheka hadi akapaliwa. "Kwa hiyo umepata ushahidi! Nilikwambia!"

"Ulinambia. Ulikuwa sahihi," Lorna akasema. "Aliiba. Sasa nataka iandikwe."

Kicheko kikakatika. "Iandikwe? Kanisani? Hapa si mahali pa kusifia wezi, bibie."

"Msalabani walitundikwa wezi wawili, Roland. Mmoja aliahidiwa peponi siku hiyo hiyo."

"Yule alitubu!"

"Na huyu alijuta. Soma jiwe."

Mtu mmoja nyuma akakohoa kuficha kicheko. Kasisi akasema mambo haya yanahitaji ruhusa ya dayosisi, tusubiri. Wakasubiri majira mawili yakapita. Jibu lilikuja: jina na miaka, ndiyo, maneno mengine, hapana.

"Chukua hilo, Lorna," Kasisi alimsihi. "Angalau jina lake litakuwepo."

"Jina lake lilikuwepo siku zote, Kasisi. Kila karamu ya mavuno. Ni sababu yake ndiyo haikuwepo."

Jiwe lilikuwa limekwisha kuchongwa, na nyumba ya Lorna ilikuwa ya mwisho kwenye njia iendayo kanisani. Alimwita fundi, wakabomoa kipande cha ukuta wa bustani yake unaotazama njia, wakalipachika humo kwa saruji. Hakuna atakayekwenda kusali Haverby bila kulipita. Wengine waligeuza nyuso upande wa pili. Wengine walisimama kidogo, midomo ikicheza, wakasoma. Wateja wawili waliacha kumwita kukata nywele. Mmoja alirudi, kwa maana mkasi mwingine uko mbali.

Basi ikafika siku ya askofu kuja kubariki kengele mpya. Asubuhi Lorna alikuwa amepiga magoti nje, akilisugua jiwe kwa brashi na sabuni, aliposikia gari. Clifford akashuka, suti ya arusi, shuka jeupe limekunjwa kwapani. Nyuma yake Roland, tai imembana.

"Ni kwa saa moja tu," Clifford akaanza. "Roland kanipigia simu. Tufunike saa moja tu, askofu apite, kisha…"

"Kaka, unajua kwa nini alisema alichelewa?"

"Lorna, hatuna muda wa—"

"Alikuwa na mtoto anaitwa Amos. Miaka miwili. Alizikwa mwezi mmoja kabla ya kondoo. Siku ile ulipoondoka na koti lako ndilo nililotaka kukwambia."

Clifford akainama kulisoma jiwe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu liwekwe. Alisoma muda mrefu kwa maneno machache kiasi kile. Kisha akaketi juu ya ukuta, suti na yote, shuka likiwa magotini.

"Miaka miwili," akasema.

"Clifford," Roland akamhimiza, "gari la askofu limeshapita daraja."

"Nimesikia."

"Basi tandaza hilo shuka, bwana!"

Clifford alimtazama kama anavyotazamwa mtu anayekanyaga zulia kwa viatu vyenye matope. "Ondoka ukutani kwa dada yangu, Roland."

Roland alitaka kujibu, akaona watu wanakuja njiani, akaenda zake kanisani kwa hatua kubwa.

Askofu aliliacha gari chini akatembea, fimbo mkononi, Kasisi Philippa pembeni yake akiongea haraka haraka juu ya hali ya hewa. Haikusaidia. Askofu akasimama. Akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kijiji kizima kikiwa nyuma yake.

"Ni wako?" akamuuliza Lorna.

"Ni wangu."

"Na watoto?"

"Mmoja alikufa kabla. Wanne walipona."

Askofu akatikisa kichwa taratibu. "Unaelewa kwamba siwezi kusimama mimbarini nikasema wizi ni jambo jema."

"Sikukuomba useme, Baba Askofu. Nilitaka usome tu, na umesoma."

Yule mzee hakukasirika, hakutabasamu. Akagusa kofia yake kumpa heshima, akaendelea na safari. Watu wakamfuata. Kengele zikaanza kulia, kali na mpya, na njia ikabaki tupu.

Lorna akakamua brashi yake.

"Huyo Amos," Clifford akasema kutoka ukutani. "Kaburi lake liko wapi?"

"Halina alama. Maskini walizikwa upande wa kaskazini, kwenye majani marefu."

Clifford akalitupa shuka kwenye kiti cha gari. "Nionyeshe."

"Sasa hivi? Watatuona. Itabidi tupite mbele ya mlango wa kanisa, nao wako kwenye wimbo wa kwanza."

"Ndiyo," Clifford akasema. "Tupite hapo hapo."

Lorna akavua aproni, akaitundika kwenye lango. Wakapita mbele ya mlango ulio wazi, yeye na magoti yake yaliyolowa sabuni, kaka yake na suruali iliyojaa vumbi la saruji, hawakupunguza mwendo wala kuinamisha vichwa, wakazunguka mnara hadi upande wa kaskazini, ambako majani yalikuwa yamefika kiunoni na bado yana umande.