Siku Tatu Bila Ufagio

Mzee Ossufo aligonga debe lake kabla umande haujakauka, na kila alipogonga bega la kulia lilimuuma hadi shingoni. Alikuwa amelala, lakini hakuwa amepumzika. Siku hizi hakukumbuka mara ya mwisho kuamka bila uchovu.

"Mstari wa tatu! Amkeni mfagie! Maji saa moja. Wa shambani wakutane langoni saa mbili, askari hawasubiri mtu. Mwenye mgonjwa aseme mapema. Mwenye mgeni aseme mapema zaidi!"

Maneno yalikuwa yaleyale kila asubuhi, mwaka wa pili sasa, tangu tropa, askari wa Wareno, walipowatoa watu wa vijiji vya pwani ya Palma wakawaleta hapa, ndani ya uzio wa waya. Nyumba zilipangwa kwa mistari minyoofu kama mihogo shambani, watu wa pwani na watu wa bara pamoja, na kila mstari ukapewa mzee wake. Mzee wa mstari alikuwa na kazi tatu: viwanja viwe safi, watu watimie, na maneno ya shefe wa posto, Mreno mkuu wa kituo, yamfikie kila mtu. Shefe aliamini kwamba uwanja uliofagiwa hauna la kuficha. Aliyeacha kufagia aliulizwa kwa nini, na wengine waliulizwa mbali, mjini, wasirudi. Katika nyumba ishirini na nane za Mzee Ossufo alikuwa hajachukuliwa hata mtu mmoja. Hakuna aliyemshukuru. Walimwita Mzee Debe.

Hakulilia shukrani. Alililia karatasi moja tu, guia, ruhusa ya kusafiri hadi Mucojo. Huko alikuwako dada yake mkubwa, Chamima, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Ndugu mwingine hakuwa naye duniani. Miezi minne iliyopita mtu wa mashua ya chumvi, ile yenye kibali cha serikali, alimletea maneno yake: "Mwambie Ossufo macho yananiishia. Aje wakati bado nauona mkono wangu." Mzee Ossufo alikwenda posto akaeleza. Shefe akaandika jina la dada kwenye daftari, akasema mstari ukiwa safi mpaka mwisho wa kipupwe, atapewa siku kumi na tano. Tangu hapo, kila ukaguzi uliopita salama aliuhesabu kama hatua ya kwenda Mucojo. Sasa ulibaki mmoja. Ulikuwa kesho, Alhamisi.

Alipofika nyumba ya kumi na saba alisimama.

Uwanja haukufagiwa. Majani ya mkorosho yalikuwa yametapakaa hadi mlangoni, na alama za kuku za jana zilikuwa bado mchangani. Jikoni majivu yalikuwa yamejaa kati ya mafiga, hayakuzolewa. Mwenye nyumba, Bi Saquina, alikuwa ameketi kizingitini, kanga kichwani, mikono mapajani. Alikuwa mjane, na kwa kawaida alikuwa wa kwanza kufagia mstari mzima. Watu walimtania kwamba anawaamsha majogoo kwa ufagio.

"Hujambo, Bi Saquina?"

"Sijambo."

"Unaumwa?"

"Mgongo."

Mzee Ossufo akaendelea mbele, maana nyumba kumi na moja zilimngoja, lakini debe alilishika chini ya kwapa bila kuligonga.

Domingas, mwanamke wa Kimakonde wa nyumba ya kumi na nane, alikuwa akimwaga maji uwanjani kwake ili vumbi lilale.

"Mzee Debe, leo umekuwa bubu?"

"Jirani yako ana nini?"

Domingas aliweka kata chini. "Mimi ni mtu wa bara, mzee, mambo yenu ya pwani siyajui yote. Jana jioni nilimwambia, nipe huo ufagio nikusaidie, hata nami nionekane nina faida. Alinitazama kama nimemtukana. Nikasema basi, shoga, usinile, mimi nyama ngumu." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Hakucheka. Ile siyo sura ya mgongo, mzee."

Mzee Ossufo alilijua jambo hilo tangu kizingitini, ila alikuwa hataki kulijua. Kwa watu wao, nyumba iliyofiwa haifagiwi siku tatu. Majivu hayatoki, majani hayaokotwi. Siku ya tatu mfiwa mkubwa hushika ufagio, na akimaliza uwanja, matanga yamekwisha, watu wanarudi makwao. Akifagia mwingine kabla ya siku hiyo, ni kama amesema maiti hakuwa na thamani ya siku tatu. Yeye mwenyewe alikaa hivyohivyo alipofiwa na mkewe, zamani, kabla ya waya.

Na Bi Saquina alikuwa na mtoto mmoja tu. Rajabo. Kwenye daftari la posto Rajabo yuko Lindi, anakata mkonge. Kwenye mstari wa tatu kila mtu alijua Rajabo yuko porini na bunduki, na hakuna aliyewahi kulitamka.

Jioni, baada ya wanawake kurudi shambani na kuhesabiwa, alikwenda tena. Bi Saquina alikuwa palepale.

"Shemeji," alianza. Yeye na marehemu mume wa Bi Saquina walikuwa wakitaniana hivyo. "Niambie mimi. Siandiki."

Bi Saquina alivuta kanga mbele ya uso. Kisha akasema bila kuinua macho, "Jana shambani. Nilikuwa nang'oa muhogo pembeni, karibu na kichaka. Mtu akaniita mama. Nikajua si yeye, sauti si yake. Akasema, mama, Rajabo tulimzika wenyewe, tulimvika shuka safi. Akasema usilie, askari atasikia. Nikaendelea kung'oa muhogo. Nilijaza kapu, Mzee Ossufo. Nilijaza kapu zima."

"Innalillahi," alisema polepole.

"Sikulia. Sina hitima. Sina kaburi la kutazama. Siwezi hata kuwaita wenzangu waje wakae nami. Nimebakiwa na huu uchafu tu." Alionyesha majani kwa kidevu. "Hata huu utaninyang'anya?"

"Kesho anakuja shefe."

"Najua kesho anakuja nani."

"Atauliza."

"Na aulize."

"Wakikuchukua, watauliza mpaka useme ni nani aliyekuita mama. Sema Rajabo amekufa Lindi, uone. Watakuuliza habari ilivukaje mto Ruvuma, na nani aliileta. Utawafikisha kwenye kile kichaka."

Bi Saquina alifunga macho. "Nimechoka, shemeji. Wewe hujachoka?"

Mzee Ossufo aliinuka. Alirudi kwake, akala muhogo baridi, akalala.

Alfajiri ya Alhamisi, mwanga ulipoanza tu, alitoka na ufagio wake wa chelewa. Alikuwa ameamua. Atafagia yeye, haraka, kabla mwenyewe hajaamka, na kesho kutwa atapewa karatasi yake. Bi Saquina atamchukia. Na achukie, mtu hai ndiye anayeweza kuchukia. Aliinama, akavuta ufagio mara moja, mara mbili, mara tatu. Majani yakakusanyika, mchanga ukabaki na mistari myembamba, safi, kama ile shefe aliyoipenda.

Akasikia pumzi. Bi Saquina alikuwa kizingitini. Hakulala ndani kabisa. Alilala pale pale mlangoni, akiulinda uwanja wake. Hakupiga kelele wala hakumlaani. Alitambaa kwa magoti mpaka pale palipofagiwa, akachota majani yale kwa viganja viwili na kuanza kuyarudisha yalipokuwa, jani moja baada ya jingine.

Mzee Ossufo alimtazama. Ufagio ukawa mzito mkononi kuliko debe. Akakumbuka sauti ya dada yake, enzi zile wakiwa watoto, akimwambia asikanyage pale mama yao alipolala. Akauegemeza ufagio ukutani.

"Uache," alisema. "Mengine nitayarudisha mimi."

Wakayarudisha pamoja. Alipokuwa amechuchumaa pale alipima kila njia. Mtu akifa ndani ya waya, lazima maiti yake ionyeshwe. Akifa nje, lazima jina lake liwe kwenye daftari, na mwenye kuleta habari awe na kibali. Mstari mzima ulikuwa na jina moja tu la namna hiyo. Mashua ya chumvi ilikuwa imetia nanga Palma Jumatatu.

Akainuka, akapangusa magoti, akachukua debe.

"Mstari wa tatu! Sikilizeni!" Alingoja milango ifunguke. "Nimefiwa. Dada yangu Chamima binti Abudo, wa Mucojo, hatunaye. Habari imenifikia jana na watu wa chumvi. Bi Saquina ni mtu wetu, alikuwa shoga wa dada yangu tangu usichana. Nyumba yangu ni ndogo, matanga yatakaa kwake. Uwanja wake usifagiwe mpaka kesho. Aliye na nafasi aje."

Aligonga debe mara tatu. Akahisi ameutia mkono wake mwenyewe kwenye moto. Kumtaja mtu aliye hai miongoni mwa wafu ni jambo ambalo hata mlevi halifanyi. Alitembea mstari mzima akirudia maneno yale, na kila aliporudia yalizidi kuwa kweli.

Watu walikuja. Kwanza mmojammoja, kisha wakaja pamoja. Mwalimu Buanali, aliyefundisha watoto Kurani, alikuja na juzuu yake. Aliketi karibu na Mzee Ossufo na kumnong'oneza, "Nimsomee nani?"

"Umesikia jina."

"Nimesikia. Nauliza nimsomee nani."

Mzee Ossufo alitazama upande wa Bi Saquina. Mwalimu Buanali akaitikia kwa kichwa, akaanza kusoma. Jina la Chamima alilitamka kwa sauti. Baada yake midomo yake ilitembea kidogo bila sauti, na Bi Saquina, aliyekuwa akimtazama midomo, akafunika uso kwa kanga na kulia. Alilia kwa sauti, siku mbili za kilio kwa mara moja. Wanawake walimshika. Domingas, na rozari yake shingoni, alimshika kuliko wote.

"Mlilie dada wa watu, shoga," alimwambia. "Mlilie sana. Leo hakuna wa kukukataza."

Saa tatu shefe alifika, na pamoja naye Germano, sipai, yaani askari mwenyeji wa posto, aliyekuwa mkalimani wake. Shefe alisimama mbele ya nyumba ya kumi na saba, akatazama majani, majivu, watu walioketi chini. Akauliza kwa Kireno. Mzee Ossufo akajibu kwa Kiswahili, Germano akafasiri. Mazungumzo yao yalikuwa marefu. Germano, mtu wa bara mwenye mwili mkubwa, alimtazama Bi Saquina, kisha Mzee Ossufo, kisha majani ambayo yalikuwa yamelala vizuri mno, kama yaliyopangwa kwa mkono. Mzee Ossufo aliliona jicho lake likikaa pale. Germano akageuka na kumalizia kufasiri.

Shefe alivua kofia. Kisha akafungua mkoba, akatoa karatasi yenye muhuri.

"Anasema pole sana," Germano alifasiri. "Anasema guia yako alikuja nayo leo. Iko tayari tangu Jumatatu. Mucojo, siku kumi na tano."

Mzee Ossufo aliona jina lake kwenye karatasi. Kusoma hakujua, lakini jina lake alilijua.

"Anasema sasa haina kazi. Ninyi huzika siku hiyohiyo, na maziko yamepita. Wakati wa vita watu hawasafiri kutazama makaburi." Shefe akaongeza neno, Germano akafasiri. "Anauliza kama una ndugu mwingine yeyote huko."

Ilikuwa nafasi. Angeweza kusema kuna mpwa, kuna binamu. Lakini daftari lilikuwa mkobani mle mle, na jina lilikuwa moja.

"Mwambie sina," alisema. "Alikuwa ni huyo tu."

Shefe aliikunja karatasi mara mbili, akaichana, akarudisha vipande vyake mkobani. Alivaa kofia na kwenda nyumba ya kumi na nane, ambayo ilikuwa safi.

Siku ya tatu, baada ya sala ya Ijumaa, watu walikusanyika tena kwa kuondoa matanga. Bi Saquina aliingia ndani, akatoka na ufagio. Wote walidhani atafagia mwenyewe. Alikwenda mpaka kwa Mzee Ossufo na kumpa kwa mikono miwili.

"Mfiwa ni wewe," alisema mbele ya watu. Kisha, chini kabisa: "Nilisikia alichosema Germano. Nilikuwa sijui ya karatasi."

"Ulikuwa na mambo yako."

"Yuko hai, shemeji?"

"Jumatatu, kwa maneno ya watu wa chumvi, alikuwa hai."

Bi Saquina alishika upande mmoja wa mpini, Mzee Ossufo upande mwingine, na wakaanza kuanzia mlangoni. Ilikuwa kazi ya kusumbua, watu wawili na ufagio mmoja, na miguu yao iligongana. Hakuna aliyecheka. Walifika mwisho wa uwanja, wakazoa majivu, wakanyunyiza maji. Mwalimu Buanali akasema amina, watu wakatawanyika.

Kesho yake Mzee Ossufo aliamka na bega lilelile. Alichukua debe, akatoka.

"Mstari wa tatu! Amkeni mfagie! Maji saa moja..."

Katika nyumba ya kumi na saba uwanja ulikuwa umefagiwa kitambo, na Bi Saquina alikuwa hayupo kizingitini. Alimkuta aliporudi, mwanzo wa mstari, ameinama mbele ya nyumba yake yeye Ossufo, akifagia pale ambapo kwa miezi mingi mzee alikuwa akipapitia juujuu kwa kukosa nguvu. Aliposikia debe hakuinua kichwa.

Mzee Ossufo alipita polepole, akigonga kwa mkono wa kushoto.