Kimya Alichokiziba Kiraka

Ukitaka mpiga gitaa wa kufunika aibu, mtafute Kiraka. Ndivyo walivyosema wenzake, naye alilipenda jina hilo kuliko lile la kwenye kitambulisho. Mchana alitengeneza feni na redio katika kibanda kilichojaa nyaya mpaka mteja hana pa kukanyaga. Mwisho wa wiki alipiga gitaa kwenye maharusi, na huko kazi yake kubwa haikuwa nyimbo, maana nyimbo kila mtu anapiga. Kazi yake ilikuwa kuziba. Bibi harusi akichelewa, Kiraka anaziba. Msemaji wa familia akilisahau jina la bwana harusi mbele ya wakwe, kabla watu hawajaanza kutazamana gitaa limeshaingia, na mzee wa watu anapata nafasi ya kunong'onezwa. Kwa miaka thelathini hakuna aliyeumbuka ukumbini Kiraka akiwepo, na hilo angekueleza hata kama hukumuuliza.

Kwa hiyo mkutubi alipoandaa jioni ya simulizi pale maktaba, waandishi wanne, kila mmoja na mpiga muziki wake, Kiraka alikuwa wa kwanza kupigiwa simu. Mkutubi akampangia mwandishi mmoja aliyekuwa nesi.

Nesi alikuwa wa zahanati ya jirani, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya chini kama ya mtu anayechelea kumwamsha mgonjwa. Alikuwa ameshachapisha hadithi mbili. Hii ya tatu hakutaka kuichapisha, alitaka kuisema. Walifanya mazoezi mara moja tu, Jumamosi, katika chumba cha watoto, wamekalia vile viti vidogo na magoti yao yamepanda hadi kifuani.

"Mzee Kiraka, hapa mwishoni nitanyamaza," nesi alisema.

Kiraka alikuwa ameinama anakaza uzi wa pili. "Sawa."

"Nitanyamaza sana. Usiguse gitaa hata ukiona kama nimesahau. Baada ya hapo nina sentensi moja tu imebaki, na kuna mtu nimemwita aje kuisikia. Nisipoisema siku hiyo mbele za watu, najijua, sitaisema tena."

"Nimekupata, mwanangu. Mimi si wa jana kwenye kazi hii."

Tusimtetee. Alisikia. Masikio yake yalikuwa mazima na chumba kilikuwa kitupu. Ila kichwani alikuwa na kipande kipya alichokitunga wiki hiyo, kipande kitamu kweli, na muda wote nesi anaongea yeye alikuwa akitafuta pa kukichomeka.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja na nusu jioni. Meza za kusomea zilisukumwa ukutani, viti vya plastiki vikapangwa, na watu wakajaa mpaka mkutubi akawa anatembea anajichekea. Mstari wa mbele alikaa mama yake nesi, mjane aliyepakata mkoba mweusi. Mistari miwili nyuma yake ilikuwa ya watu aliowaalika nesi mwenyewe: shangazi, binamu, majirani wa zamani. Na nyuma kabisa, karibu na rafu ya magazeti, alisimama mwanamume mrefu aliyeshika kofia ya udereva mkononi. Alikuwa amepewa kiti akakataa. Nesi alipomwona alimgeukia Kiraka akaitikia kwa kichwa, na Kiraka akajua kwamba mgeni wa ile sentensi ndiye huyo.

Nesi alisimulia vizuri kuliko alivyofanya mazoezi. Alisimulia habari za fundi cherehani mmoja aliyekuwa na karakana iliyoshikana na nyumba yake. Fundi alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kumi na mitano na binti wa miaka minane. Kazi ya kijana ilikuwa kufunga karakana kila jioni: kufagia vipande vya vitambaa, kufunika cherehani, kuchomoa pasi. Siku moja, wakiwa mezani wanakula, moshi ukaingia kwa chini ya mlango. Karakana iliungua yote, na nguo za wateja, na nusu ya nyumba. Mkaguzi akasema pasi iliachwa kwenye umeme. Kijana aliapa kwamba aliichomoa. Baba hakutaka kusikia. Alimtoa shule, akampeleka kwa mjomba wa mbali, na tangu hapo kwenye ukoo wao akawa na jina moja tu, mchoma nyumba.

Kiraka alipiga taratibu, nyuzi mbili tatu, sauti ndogo ya kumsindikiza tu. Ukumbi wote ulikuwa umetulia.

"Kaka aliondoka asubuhi," nesi alisema, "na mdogo wake akabaki mlangoni anamtazama, mpaka akapotea kwenye kona."

Akanyamaza.

Kiraka akaondoa mkono kwenye nyuzi, kama walivyokubaliana. Akaanza kuhesabu kwa kidole cha mguu, ndani ya kiatu. Nne. Sita. Mtu akakohoa. Nane. Kiti kikakwaruza. Mama mtu akafungua mkoba wake, akaufunga, akaufungua tena. Watu wakaanza kuinamisha macho, kama wanavyofanya mtu anapokwama, na hicho ndicho kitu ambacho Kiraka hajawahi kukivumilia maishani mwake. Kumi na mbili. Nesi akainua uso, akamtazama yule wa nyuma, akafungua kinywa.

Kiraka akajiambia, amesahau. Alijiambia hivyo huku akijua kabisa kwamba si kweli, na vidole vyake vikaingia.

Kipande chenyewe kilikuwa kizuri, tusikinyime haki yake. Kilianza chini, kikapanda, kikazunguka, na watu wakashusha pumzi wote kwa pamoja, wakifurahi kwamba kumbe hadithi ilikuwa imekwisha pale na hakuna aliyeumbuka. Makofi yakaanza kabla hajamaliza. Wengine wakasimama. Mkutubi akapanda akachukua kipaza sauti, akasema jamani, jamani, nesi wetu na Kiraka wetu, na kwa kuwa wao ndio waliokuwa wa mwisho, akawashukuru watu wote na kuwatakia safari njema. Nesi alibaki kinywa wazi kwa muda. Kisha akakifunga, akainamisha kichwa kuwashukuru watu, kwa sababu alilelewa vizuri.

Kiraka alimkuta katika chumba cha watoto, amekaa kwenye kiti kile kile kidogo. Alikuwa amejiandaa kutukanwa. Ingekuwa nafuu.

"Ilikuwa inasemaje?" aliuliza. "Ile sentensi."

"Pasi niliichomeka mimi."

Kiraka akaliegemeza gitaa ukutani.

"Kaka alikuwa ameshaichomoa," nesi alisema. "Mimi nilirudi kimya kimya kunyoosha gauni la mwanasesere wangu. Nikaitwa chakula, nikakimbia. Baba amekufa anamwita kaka mchoma nyumba, na mimi nilikuwa namshika baba mkono." Akafuta pua kwa kiganja. "Nilihesabu kila kitu, mzee. Nilijua nitakwama pale. Nilijua nitahitaji muda kujikusanya. Nilikuwa nimeshajikusanya."

"Mwanangu, nilidhani..." Kiraka alianza, akaona uongo wenyewe unamkwama. "Hapana. Sikudhani. Uliniambia na nilisikia. Nilikuwa nataka kupiga."

Aibu aliyoisikia hapo hakuwahi kuijua. Alikuwa ameona aibu za watu wengi na kuzifunika zote, lakini yake ilimpanda kutoka miguuni mpaka masikio yakawaka moto, na hakujua aweke wapi mikono.

"Nenda ukamzuie kaka," nesi alisema. "Mwambie nina neno. Mimi na uso huu siwezi kupita mbele za watu."

Kiraka akatoka mbio. Kwenye korido mtu akamdaka mkono. Alikuwa mama yake nesi, mkoba kwapani, macho yamelowa.

"Mdogo wangu, Mungu akubariki sana," mama alisema kwa sauti ya kunong'ona. "Nilishaona anakoelekea. Roho ilikuwa mkononi. Mambo ya nyumbani si ya kumwaga ukumbini, si ndiyo? Umeniokolea binti yangu."

Kiraka alimtazama yule mama mpole, mwenye mikono ya baridi iliyoushika mkono wake wa kupigia gitaa, na akaelewa kwamba mama huyo alijua. Alijua miaka yote hiyo, akachagua mtoto mmoja. Na sasa alikuwa anamshukuru Kiraka kama mwenzake wa kuficha. Kiraka akauchomoa mkono taratibu, kwa adabu, akaenda zake.

Yule kaka alikuwa bado getini, anasubiri gari lililokuwa linarudi nyuma limpishe njia. Alipomwona Kiraka alitabasamu.

"Mzee wa gitaa. Umepiga vizuri, sikudanganyi."

"Ndugu yangu, rudi ndani. Mimi ndiye niliyemkatiza dada yako. Hakuwa amemaliza. Ana neno lako, anakusubiri chumba cha watoto."

"Najua hakumaliza."

"Basi twende."

Kaka aliizungusha kofia mikononi. Alikuwa na mikono mikubwa, yenye weusi wa grisi usiotoka hata kwa sabuni. "Neno lenyewe nalijua, mzee. Pasi niliichomoa kwa mkono huu. Nyumba nzima tulikuwa wanne. Baba na mama walikuwa sebuleni. Nilihitaji nani aje kunipigia hesabu? Na mama mwenyewe aliniambia, jikoni, siku tuliyotoka kumzika baba. Akaniomba ninyamaze, mdogo wangu asiharibikiwe."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza. Kwa siri nimeshaambiwa, mzee. Leo sikuja kuambiwa." Akaonyesha kwa kidevu kule kwenye maegesho, ambako shangazi alikuwa anasaidiwa kuingia kwenye gari na binamu wawili walikuwa wanagombania kiti cha mbele. "Nilikuja hao waambiwe. Kila nikienda kwao, nikiingia jikoni kuchemsha chai, lazima mtu anifuate nyuma kuhakikisha nimezima jiko. Wanadhani sioni. Dada alinipigia akasema, njoo Alhamisi, nimewaalika wote. Nimeendesha gari siku mbili."

Mlango wa gari la shangazi ukafungwa.

"Nikawaite?" Kiraka alisema. "Naweza kuwaita sasa hivi. Watarudi, wananijua."

"Utawaita uwaambie nini?"

Kiraka akafungua kinywa. Aliwaza kusema programu haijaisha. Aliwaza kusema kuna zawadi. Aliwaza kusema ukweli wote yeye mwenyewe, hapo hapo kwenye changarawe, na akaona jinsi watakavyomtazama: mzee wa maharusi anayesimulia siri ya nyumba isiyo yake, na nesi hayupo. Taa za gari zikawapitia usoni. Shangazi alishusha kioo akampungia Kiraka mkono, kisha akamwona yule kaka, akapandisha kioo.

"Umeona," kaka alisema, bila hasira. Akavaa kofia yake. "Dada mwambie asilie. Mwambie nimeona alivyofungua kinywa. Nimeona kabisa."

"Atakuita tena. Mwakani watafanya tena hii shughuli."

"Kufikia leo kumemchukua dada miaka ishirini na sita, mzee."

Alimpa Kiraka mkono, kwa heshima, kwa mikono miwili, kama mtu anayemuaga mkwe. Kisha akavuka barabara akaingia upande wa pili, kuelekea alikoegesha lori lake, na hakugeuka.

Kiraka alisimama pale mpaka gari la mwisho la ndugu likatoka. Halafu akageuka kurudi ndani kumwambia nesi kwamba kaka ameondoka. Mlangoni mkutubi alimwambia wameshakubaliana, mwakani ni yeye tena. Kwenye korido, kabla hajafika chumba cha watoto, watu wawili walimsimamisha kumpongeza, na wote wawili aliwashukuru.