Karatasi Juu ya Ufa

Kazi ya sayansi ya darasa la saba mwaka ule ilikuwa kutengeneza kifaa cha kuwafaa watu. Wanafunzi wengi wakahangaika na tochi na vinu vya upepo vya chupa. Binti wa fundi mwashi yeye alibandika ukanda wa karatasi nyembamba juu ya ufa wa ukuta wa darasa lao, akaandika tarehe.

"Ukichanika, ukuta unatembea," alimweleza baba yake. "Ukibaki mzima, ufa ni wa zamani, hauna neno."

Baada ya siku tatu ukachanika. Akabandika wa pili, nao ukachanika. Mkaguzi wa majengo akaitwa, hakuja. Mwalimu mkuu akawahamishia watoto ukumbini kwa wiki mbili, kipimo kiamue.

Siri ya mtungi aijuaye kata. Ukuta ule fundi aliujenga kwa mikono yake, na mkandarasi alipomwambia apunguze saruji, alipunguza. Sasa mwanawe wa kumzaa alikuwa anakaribia kumuumbua bila kujua. Aliona aibu kusema. Akajipa moyo kwamba likizo imekaribia, ataomba kuukarabati bure, na nani atajua? Ah, binadamu kwa kujidanganya!

Ikawa kila asubuhi, kabla ya kengele, anapita shuleni eti kurekebisha bawaba za milango. Karatasi iliyochanika anaibandua, anaweka nyingine, tarehe ileile, mwandiko akiuiga wa binti yake. Wiki mbili zikaisha, karatasi haina hata mkunjo.

"Ukuta umetulia," binti alitangaza siku ya maonyesho mbele ya wazazi, uso umemng'aa. Akapigiwa makofi. Fundi naye alipiga, tena kwa nguvu kuliko wote. Jumatatu watoto wakarudi darasani.

Alhamisi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne ukuta ukaangukia ndani.

Jumamosi mwalimu mkuu alikwenda wodini, akitokea kumzika mtoto aliyekuwa akikaa dawati moja na binti wa fundi. Alimkuta binti amefungwa plasta mguu mzima, macho yamevimba kwa kilio.

"Mwalimu, mimi ndiye niliyesema umetulia," binti alisema. "Nilipima vibaya. Nimemuua mwenzangu."

"Usiseme hivyo, mwanangu."

"Kweli, mwalimu. Mama yake ameshaambiwa kwamba ni mimi?"

Mwalimu mkuu akamtazama fundi. Fundi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, ameushika mkono wa mwanawe. Neno lilimfika kooni. Lilikuwa neno moja tu, na lingemtua yule mtoto mzigo palepale.

"Msamehe, mwalimu," akasema. "Ni mtoto tu, hakujua."