Mstari Uliofutwa Pembeni mwa Ramani

Fundi wa kompyuta aliwaonyesha wakubwa wa kampuni ya malori programu yake ya kufuatilia magari, kifua mbele. Ramani aliipata bure kwa watu waliojitolea kuichora; leseni ilidai kitu kimoja tu, wachoraji watajwe pembeni. Akaufuta mstari uliowataja, akaweka jina lake, yeye ambaye hakuchora hata kona moja!

Shangazi yake, mpika chai wa ofisi ile, akaingia na birika, akaiona ramani. “Ee! Kichochoro hicho nilikipita kwa miguu nikakichora mimi, na goti langu hili bovu!”

Mkurugenzi akakunja uso. “Mbona pameandikwa jina la huyu?”

Shangazi akamtazama mpwawe. “Alituomba, tukamruhusu,” akadanganya.

Fundi aliona heri angemzaba kibao. Shangazi akammiminia chai yeye wa kwanza.