Maganda ya Nanasi

Tss. Kimya. Tss.

Sauti ilitoka chini ya meza, nyembamba kama ya mtu anayefyonza jino. Mke wa fundi makochi alifumbua macho gizani akadhani mtungi wa gesi unavuja, kisha akakumbuka kwamba mtungi wenyewe ulikwisha juzi na hauna hata cha kuvuja. Mumewe alikuwa amelala chali. Akamsogelea mdomoni kama alivyozoea, akanusa. Pumzi safi. Akashukuru kimoyomoyo, akashuka kitandani kuifuata sauti.

Ilikuwa ndoo yake ya juisi. Kifuniko kilikuwa kikiinuka kidogo, kinapumua, kinakaa tena.

Juisi ndiyo iliyokuwa imeishikilia nyumba ile. Fundi aliacha pombe baada ya jioni moja kumsahau binti yao kwenye benchi la kilabu, akarudi mikono mitupu na kuuliza chakula kiko wapi. Mtoto, Chiriku, waliyempa jina hilo kwa kuwa mdomo wake haujui likizo, aliletwa na mtu wasiyemfahamu, naye siku hiyo hakusema neno. Tangu hapo fundi hakugusa tena. Lakini kila jua lilipoelekea kuzama, mikono yake ilianza kupapasa hewa ikitafuta glasi.

Mkewe akaamua kuipa mikono hiyo cha kushika. Leo embe, kesho pasheni, na zaidi ya yote nanasi: nyama anaisaga, maganda anayachemsha na tangawizi iliyopondwa, anachuja kwa kitambaa, anakamulia ndimu. Fundi huketi mlangoni na kikombe chake kikubwa, akiwatania wapita njia kwamba mkewe amefungua baa yenye mteja mmoja, tena asiyefukuzwa usiku. Wenzake wa zamani wakambandika jina la Bwana Juisi, wakidhani wanamsimanga. Yeye akalivaa kama nishani.

Kisha gesi ikaisha. Msusi wa chumba cha pili akamwambia asihangaike na moto: aloweke maganda kwa sukari na tangawizi, afunike, ayaache yalale, utamu utatoka wenyewe. "Utanikumbuka, shoga," alisema. Naye akaloweka.

Sasa aliinua kifuniko. Povu lilikuwa limetanda juu. Harufu ya nanasi ilikuja kwanza, ya tangawizi ikafuata, na nyuma yao ikaja ya tatu ambayo hakuhitaji kutambulishwa. Alikuwa ameifua kwenye mashati ya mumewe miaka na miaka.

Moyo ulimwambia mwaga. Lakini mananasi yalikuwa makubwa, sukari ilikuwa ya mwisho, na binadamu haishiwi visingizio. Nitatafuta mkaa, alijiambia, nitaichemsha mpaka ukali wote utoke. Akakibana kifuniko barabara, akarudi kulala.

Asubuhi hakumwambia mumewe. Angeanzia wapi? Kumtajia pombe mtu aliyeiacha ni kumfungulia mlango huku ukimsihi asitoke. Akajitanda nguo yake, akaenda kwenye kibarua chake cha kufulia watu.

Siku hiyo joto lilichoma, na fundi alirudi mapema, amechoka, mteja kalikataa kochi eti kitambaa si alichochagua. Mkewe alipoingia na mfuko wa mkaa, hakumkuta mlangoni. Alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, ndoo mbele ya magoti yake. Chiriku alikuwa kwenye mkeka, akichezea vifungo.

"Kikombe cha kwanza sikujua, mama Chiriku," fundi alisema taratibu, bila kumtazama. "Nilidhani ni juisi yako."

Mke alisimama na mkaa wake.

"Cha pili nilijua."

Mke akamweleza yote: gesi, msusi, mkaa. Fundi alisikiliza kama mtu anayesomewa habari za nyumba nyingine. Akauliza jambo moja tu, kwamba mkewe alijua tangu lini. Mke akajibu tangu alfajiri. Fundi hakukasirika. Angekasirika, angalau mke angekuwa na kitu cha kutuliza. Alisema tu kwamba ulimi wake haukuwa umesahau chochote, kwamba wote wawili walidhani kile kitu kimekufa kumbe kilikuwa kimekaa kimya kinasubiri kukaribishwa.

"Ni kosa langu, baba Chiriku. Hii tusiihesabu. Tuanze upya leo leo."

"Kosa lako liliishia kikombe cha kwanza," alisema.

Mke akaibeba ndoo hadi mferejini. Haikuwa nzito. Maganda yalianguka kwa kishindo kidogo na nzi wakayawahi. Akaisugua ndoo kwa mchanga, akaisuuza, akaisugua tena ingali safi, kwa sababu alikuwa akitafuta maneno. Angewasha mkaa. Angekamua ndimu kwenye maji ya moto, angekaa naye bega kwa bega na kumsimulia lolote, hata upuuzi, mpaka saa ile mbaya ipite. Alipoyapata maneno yote akapiga moyo konde, akaingia ndani.

Sakafuni hapakuwa na mtu. Viatu vya mumewe havikuwepo. Chiriku alikuwa amesimama katikati ya chumba, kiganja kimejaa vifungo, mdomo umefumbwa.  Mama yake aliishusha ndoo polepole, kana kwamba chumbani kuna aliyelala.

"Baba amesema tusimsubiri kula," mtoto akasema.