Marahaba ya Balozi

Balozi mteule Enoka alishuka garini kwenye soko la mchele Tunduma, suti imenyooka. Zilibaki siku chache aapishwe, na kabla ya hapo alitaka jambo moja: dada yake Marita amsamehe.

Marita ndiye aliyemlea mgongoni kwenye mashamba ya kahawa ya Hasamba. Enoka alipokuja kuwa meya wa jiji la mbali, dada alimfuata, akafungua kibanda cha mchele huko. Siku meya aliposimamia bomoabomoa, Marita alimkimbilia akilia, akimwita mdogo wangu. Mwandishi akauliza huyo ni nani.

"Simfahamu huyu mama," Enoka alisema mbele ya kamera. "Lakini hata angekuwa dada yangu, kibanda kingevunjwa."

Basi nchi nzima ikampigia makofi! Kiongozi asiyejua ndugu kazini! Sifa hiyo ikampa ukuu wa mkoa, na ukuu wa mkoa ukamzalia ubalozi. Marita alifunga virago akarudi Tunduma, hakumwambia mtu. Enoka alipompigia simu kuomba radhi, alijibiwa kwamba alimkana hadharani, basi aje aseme hadharani.

Ndiyo maana leo alikuja na waandishi wake, na njia nzima alikuwa akijirudia moyoni: huyu ni dada yangu, nilidanganya.

Marita alikuwa akimpimia mchele mteja wa Zambia. Alipomwona aliweka kopo chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akapiga goti.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

Enoka aliona aibu mpaka masikio yakamchoma. Dada mkubwa, wa kuamkiwa yeye, anamwamkia kitinda mimba! Ilikuwa zamu yake kumwinua. Kamera zikasogea. Akaikumbuka ile video ya zamani, akaona itakavyorushwa tena usiku huohuo, na kiapo bado.

"Marahaba, mama," akasema.

Mwandishi mmoja, kwa furaha zake, akamuuliza Marita kama anafahamiana na Balozi. Enoka alimtazama dada yake kwa macho ya kuomba, na hata yeye hakujua anaomba nini, asemwe au afichwe.

"Hapana, mwanangu," Marita alijibu. "Hanifahamu."

Kisha akaokota kopo lake, akamalizia kumpimia Mzambia mchele.