Ng'ombe Aliyehifadhiwa na Kaimu

Bwana Shauri, Mjerumani aliyekalia kiti cha hukumu katika boma la wilaya, alikwisha sikiliza kila neno juu ya ng'ombe wa Matonya. Matonya alisema alimkabidhi Shaaban, mchuuzi Mrangi wa Kondoa, amchungie tu, kwa desturi ya Wagogo: mchungaji hunywa maziwa, mwenye mali hubaki na ng'ombe wake. Shaaban alisema aliuziwa. Ilibaki hukumu. Ndipo amri ikaja kumhamishia Bwana Shauri Tabora, naye akaenda na hukumu yake kifuani.

Kiti akaachiwa Akida Mbwana, mtu wa pwani, ambaye maneno yake yalinyooshwa kuliko kanzu yake.

"Shauri lililoanzwa na mkubwa, mdogo halikati," alitamka. "Uwezo wa kaimu ni kuhifadhi. Ng'ombe atakaa zizini kwangu mpaka hakimu mpya aje."

Matonya aliinamisha kichwa kwa heshima, moyo ukimwaka. Ng'ombe huyo ndiye aliyebaki kulipwa katika mahari ya mwanawe Elieza, na baba wa mchumba, Loisi, kule Buigiri, alikwisha apa: mvua ya kwanza ikimtangulia ng'ombe, binti ataolewa na mwingine, kule Kibakwe.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Hakimu mpya hakuja. Aliyekuja ni ndama. Ng'ombe alizaa zizini, na tangu hapo nyumba nzima ya akida ikanenepa kwa kazi ngumu ya kuhifadhi.

Asubuhi moja Matonya alimkuta Shaaban ameegemea ua wa zizi.

"Mwongo wee! Unamtamani ng'ombe wangu hata humu?"

"Natazama kibuyu cha maziwa kinavyopita, bwana. Tunagombana mimi na wewe, anayeshiba ni kaimu."

Matonya alicheka bila kupenda. "Basi sasa wako wawili. Ndama akiacha ziwa ni wako. Mama yake niachie."

"Na hutaniita mwongo tena?"

"Nitakuita shemeji, ukitaka."

Wakaingia barazani pamoja na kusema wamepatana. Akida akakunja uso.

"Ugomvi huu ulizaliwa mbele ya Bwana Shauri, hauwezi kufa mbele yangu. Suluhu yenu imepita uwezo wa kaimu."

Watu wakaguna. Matonya akavuta pumzi. "Na shauri jipya, Bwana Akida, tena dogo?"

"Jipya? Hilo ni langu lote!"

"Basi tunalileta. Yuko mtu anayekunywa maziwa ya ng'ombe asiye wake. Akiwa mchungaji, mwenye mali akimdai ng'ombe wake, humrudisha siku hiyo hiyo. Asipokuwa mchungaji, ni mwizi. Tunaomba hukumu."

"Mtu huyo ni nani?"

"Povu bado liko kwenye masharubu yake," akasema Shaaban.

Akida alijifuta mdomo. Akajiweka sawa kitini, maana si kila siku kaimu hupewa uwezo mwingi namna ile kwa mara moja.

"Ni mchungaji," akahukumu. "Ng'ombe aende. Lakini lile shauri la kwanza litabaki hapa, likihifadhiwa."

Matonya hakungoja kushukuru mara mbili. Alimswaga ng'ombe hadi Buigiri, ndama akifuata nyuma, na matone ya kwanza yaliwakuta wamekwisha kuvuka mlango wa zizi la mkwe.

"Kumbe umeshinda!" mkwe akasema, akimpapasa ng'ombe mgongoni.

"Hata," akajibu Matonya. "Hukumu bado tunaingojea."